Uvundo Uitwe Uvundo

Kiingereza kina maneno mengi ya harufu mbaya, na anayechagua moja kati yake huonyesha amesimama wapi. "Odour" ni neno la ripoti na maabara, halimshtui mtu. "Stench" ni zito, la mzoga. "Stink" ni la mtaani, fupi na kavu, ambalo mtoto aliyelelewa kwa adabu za Kiingereza hakutarajiwa kulitamka mezani.

Na neno hilohilo la mtaani ndilo lililoingia kwenye historia. Kiangazi cha mwaka 1858 kilikuwa na joto kali London, na mto Thames, uliokuwa ukipokea vinyesi vya watu zaidi ya milioni mbili, ukanuka hadi ndani ya Bunge. Mapazia yakalowekwa dawa ya klorini, haikufua dafu. Wapo waliopendekeza Bunge lihamie Oxford. Waingereza wakauita mkasa ule "the Great Stink". Kufikia mwanzoni mwa Agosti sheria ilikuwa imepita, baada ya siku 18 tu bungeni, na mhandisi Joseph Bazalgette akapata ruhusa ya kujenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini.

Linaloniuma ni kwamba maskini wa kingo za mto walikuwa wameivuta hewa ile miaka na miaka. Kipindupindu cha 1853 na 1854 kiliua watu zaidi ya 10,000 mjini humo, na mto ukaachwa vilevile. Kiliporudi mwaka 1866 kililipiga eneo la mashariki, la vibarua na wafanyakazi wa bandarini, ambako mifereji mipya haikuwa imekamilika. Walikufa zaidi ya 5,000.

Neno kali lina hatari yake pia, maana huwa jepesi kumrukia mtu. George Orwell, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu wachimba makaa wa kaskazini mwa Uingereza, alieleza wazi kwamba watoto wa tabaka lake walifundishwa kuamini kuwa wafanyakazi wananuka. Aliyekosa maji ya kuogea akabebeshwa aibu ya waliomnyima.

Nairobi nako, jaa la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001, lakini malori yakaendelea kumwaga taka. Ripoti za mazingira nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na humo utaikuta "odour", neno lililooshwa likatakata. Mama anayeanika nguo mtaani Korogocho, ng'ambo tu ya mto kutoka jaani, anasema uvundo, na yeye ndiye ninayemwamini. Ripoti ijayo ningependa iandikwe na mtu aliyelala kwake walau usiku mmoja, moshi wa taka ukiingia dirishani, na jina la aliyeidhinisha malori yale liwekwe kwenye ukurasa wa kwanza.