Kila Mstari Unamchagua Mtu



Leo nataka tujiulize swali ambalo kwenye semina zetu halitajwi sana. Mtu anayechora kitu ambacho bado hakijajengwa, na pengine hakitajengwa kamwe, ana wajibu gani kwa jirani yake?

Mimi nachora pikapu. Sipati hata shilingi kwa kazi hiyo, ni mambo yangu ya jioni tu: kauntabuku, penseli, rula na kifutio. Naishi hapa Babati mjini, na gari ninalolichora ni moja tu, nalirudia na kulirekebisha kila siku. Gari lenyewe halipo. Lakini maswali yake ya dhamiri yapo, tena mazito.

Kwa nini pikapu? Ukikaa Babati unaelewa. Mji wetu uko njia panda: huku Arusha, huku Singida, huku Kondoa hadi Dodoma. Vijijini kuna mahindi, mbaazi na alizeti, na Magugu kuna mpunga. Vyote hivyo lazima vifike sokoni, na mara nyingi vinafika kwa kirikuu au pikapu iliyochoka. Gari hilohilo lililobeba magunia asubuhi, usiku linaweza kumbeba mgonjwa kwenda hospitali ya Dareda. Yaani kwetu pikapu ni lori, ni daladala, na siku nyingine ni ambulensi.

Sasa, mchoro wa kwanza huwa ni wa macho. Unachora boneti yenye misuli, taa kali kama macho ya chui, tairi kubwa. Hakuna dhambi hapo. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamjaza Bezaleli roho yake ili abuni kazi za dhahabu, fedha na shaba. Ubunifu wa mikono unatajwa pale kama kipaji cha Roho, siyo mchezo wa wasio na kazi. Kwa hiyo uzuri una nafasi yake.

Ila mchoro wa pili lazima uwe wa mgongo wa mtu. Gunia la mahindi ni kilo 100, na likiwa lumbesa linazidi. Bodi likiwa juu, gari linapendeza, lakini mpakiaji atalinyanyua gunia mpaka kifuani, tena mara thelathini kwa siku. Ukilishusha bodi, mgongo wake unapona, ila sasa tumbo la gari linakaribia tope, na masika utakwama njiani. Huwezi kupata vyote. Mimi nimeliweka bodi kwenye kimo cha kiuno, pande tatu zinafunguka, tairi ni za wastani. Gari limepungua ubabe, mpakiaji amepumzika kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kila mstari unamchagua mtu. Ukisogeza penseli huku, unamhurumia dereva. Ukiisogeza kule, unamhurumia utingo. Hakuna mstari usio na upande.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ni ya nyuma. Wote tunajua watu wanapanda juu ya magunia: mama na mtoto mgongoni, mwanafunzi anayerudi nyumbani, mzee anayetoka mnadani. Ni hatari. Gari likipiga breki ghafla au likiingia kwenye shimo, mtu anarushwa. Je, nichore vishikio na benchi kule nyuma? Nisipochora, watapanda hivyo hivyo wakishikilia kamba. Nikichora, si nimewaambia karibuni, hapa ni mahali penu?

Niliona msaada katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Mungu anaagiza kwamba ukijenga nyumba mpya uweke ukingo darini, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Angalia vizuri: aliyeanguka anaweza kuwa mzembe, lakini mjenzi bado anaulizwa. Kama ungeweza kuiona ajali kabla haijatokea, basi tayari una neno la kujibu.

Hata hivyo dari zile zilikuwa mahali halali pa kukaa watu, na bodi la mizigo siyo. Kwa hiyo nimeamua hivi. Vishikio nimechora, kwa sababu utingo lazima apande kufunga turubai na asianguke. Benchi nyuma sijachora. Badala yake nimerefusha kabini na kuweka kiti cha pili cha kukunja chenye mikanda, watu wakae ndani ya chuma na magunia yabaki nje.

Lakini hii ina bei. Kabini ikirefuka sentimita 70, bodi linapungua sentimita hizo hizo, na magunia kadhaa yanabaki shambani. Rafiki yangu wa jumuiya aliuangalia mchoro akasema, "Bana, hakuna tajiri atanunua hii." Pengine kweli. Ila Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu anatangulia mtaji, na kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Ni rahisi kuitikia amina kanisani. Kwenye karatasi unaombwa useme utangulizi huo ni sentimita ngapi.

Utaniambia, sasa gari lenyewe si halitajengwa? Huenda. Kenya walianza mradi wa Nyayo mwaka 1986, wakatengeneza magari machache ya majaribio, na halikufika kuzalishwa kwa wingi. Uganda, watu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliliendesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na kutoka hapo kazi ikaendelea. Mengine yanafika, mengine hayafiki. Na Bwana wetu, katika Luka 14, anamsifu anayekaa kwanza chini na kuhesabu gharama ya mnara. Kuhesabu kunafanyika kabla ya jiwe la kwanza, wakati kufuta bado ni bure. Chuma kikishachomelewa, huruma inakuwa ghali.

Tena si lazima uwe mchora magari. Wewe unayepanga ratiba ya kwaya, bajeti ya harusi, ramani ya duka au sheria za kikundi cha VIWAWA, nawe unachora. Kuna mtu atapanda nyuma ya mpango wako. Mtafute kabla hujakoza wino. Muulize gunia lake lina uzito gani na amekaa wapi, kisha uwe tayari kupunguza kitu unachokipenda ili apate nafasi ndani.

Tumwombe Mtakatifu Yosefu, fundi wa Nazareti, atuombee tupate mikono yenye ustadi na macho yanayowaona walio nyuma. Amina.