Itazameni Mikono ya Pedali, Wanangu

Wajukuu zangu mnaopakia magunia ya mkaa nyuma ya baiskeli, na wewe mwanangu uliyenunua ya gia, mtumba wa Japani, ukajiona umeshapaa, nisikilizeni. Breki mnaangalia. Taili mnaminya kwa kidole. Kranki, huo mkono wa pedali unaobeba uzito wako wote, nani kati yenu amewahi kuinama akautazama?

Haukatiki ukiwa umekaa kwenye siti unateremka taratibu. Hukatika umesimama juu ya pedali, unapanda mlima, nguvu zote zimekwenda mguu mmoja. Mguu unatumbukia, kifua kinapiga usukani, na kipande kilichobaki kinachana muundi hadi mfupa uonekane. Hapo sijataja lori lililo nyuma yako. Na abiria uliyempakia, mara nyingi mama mwenye mtoto, hana hata pa kushika.

Msiniambie ilikatika ghafla. Okota kipande ukitazame. Upande mmoja utaukuta laini, mweusi kwa uchafu. Mwingine unang'aa na una chengachenga. Ule mweusi ni ufa wa siku nyingi, uliokuwa ukitambaa kila ulipokanyaga. Unaong'aa ndio uliokatika leo. Ufa hauna haraka, wanangu, ila hauna likizo. Alumini ndiyo ya kuogopa zaidi: mzigo wa kawaida tu, ukirudiwa na kurudiwa, huichosha.

Nawasihi, osheni baiskeli. Tope haliponyi ufa, huuvika nguo. Osha kwa sabuni, kausha, tazama juani: kuzunguka tundu la pedali, kisha pale kranki inapoingia kwenye ekseli, kisha kwenye mashina yanayoshika meno ya cheni. Ukishuku mstari, paka mafuta ya taa, yaache yapenye, futa mpaka pakauke, halafu paka vumbi la chaki nyeupe. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Gharama yake ni kipande cha chaki, na bado mnaona uvivu!

Wala usinitambie kwamba yako ni ya bei. Septemba 2023 kampuni ya Shimano ya Japani iliwaita wenye kranki zake za gharama, zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, wazipeleke zikaguliwe. Marekani na Kanada pekee zilikuwa kama 760,000. Zimeunganishwa kwa gundi, na vipande vilikuwa vikiachana. Huko ziliripotiwa zaidi ya 4,500 zilizoachana, na watu sita wakaumia.

Ukiuona ufa, shuka. Shuka hapo hapo, tafadhali, usiseme nitafika tu. Usiende kwa mchomeleaji: alumini ikichomelewa hulainika kando ya kidonda na kukatika pembeni yake. Usifunge waya. Nunua nyingine, na ukihamisha pedali kumbuka ya kushoto hufunguliwa kinyume. Mnaolazimisha kwa spana ndio mnaoharibu tundu jipya.

Na ile mbovu usimuuzie mwenzako. Ipige nyundo hadi ikatike vipande viwili mbele ya macho yako, ndipo umpe wa vyuma chakavu.