Shehena ya Mwaka Mzima

Mfanyabiashara wa Bagamoyo apelekaye mananasi ya Kiwangwa hadi Dar es Salaam kwa Hilux, pikapu ya kadiri ya tani 1, aonapo msimu umeshamiri na bodi la nyuma limelalia springi kwa uzito wa matunda, hutamani Canter ya tani 3. Lakini kabla ya kukopa, yampasa atafakari iwapo, msimu ukiisha, gari lile lenye tairi 6 na linywalo dizeli zaidi litapata shehena ya kulitosha, ama litasafiri nusu tupu. Neema ya miezi michache haihalalishi deni la miaka. Basi, ndugu yangu, hesabu kwanza mizigo ya mwaka mzima, ndipo uazimie.