Kura Iliyoshindwa Iende Wapi?

Mzee mmoja wa hapa Ikinga alituambia baada ya uchaguzi kwamba hatapanga foleni tena. Hakuwa na chuki na walioshinda. Alisema aliondoka nyumbani alfajiri, akapiga kura yake, mtu wake akashindwa. Basi ni kama asingetoka kitandani. Tukamjibu upesi, kama tulivyozoea darasani, kwamba mshindi ni mshindi. Jibu lile limetusumbua tangu siku hiyo, maana yeye aliuliza swali la haki nasi tukampa hesabu.

Na hesabu yenyewe hatukuifanya vizuri. Tuseme yako majimbo matatu, kila moja lina wapiga kura 100. Chama kimoja kinapata kura 52 katika majimbo mawili na 10 katika la tatu: jumla kura 114, wabunge wawili. Chama kingine kinapata kura 186, na mbunge mmoja. Hakuna aliyeiba hata karatasi moja, lakini wachache wamewashinda wengi.

Jambo hili halikubaki ubaoni tu. Zanzibar, Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13 kati ya 31, kwa kuwa kura zake nyingi zilirundikana katika ngome zake. ZNP na ZPPP kwa pamoja walipata viti 18, wakaunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Hatusemi Mapinduzi yaliletwa na viti peke yake. Yalikuwapo mambo mazito ya ardhi na ya ubaguzi, ya tangu zamani. Lakini watu wakishaona kwamba wingi wao hauhesabiki, utawaambia nini tena juu ya sanduku la kura?

Lesotho nao walionja. Mwaka 1998 chama kimoja kilipata kama asilimia 60 ya kura, kikachukua viti vyote vya majimbo isipokuwa kimoja. Fujo zikazuka, Maseru ikachomwa moto, majeshi ya nchi jirani yakaingia. Walipotulia waliongeza viti 40 vya uwiano juu ya vile 80 vya majimbo, na mwaka 2002 wakapiga kura kwa utaratibu huo mpya.

Uwiano maana yake ni hiyo tu: chama kilichopata theluthi ya kura kipate kama theluthi ya viti. Sisi si wageni wa jambo hili. Viti maalum vya wanawake katika Bunge letu hugawiwa hivyo, kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura za ubunge. Na mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilikuta karibu watu wanne katika kila watano wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, ili yule wa tano naye apate mahali pa kusemea. Tukisoma Matendo sura ya 6 tunaona vivyo hivyo: wajane wa Kiyunani waliposahauliwa, hawakuambiwa kwamba wao ni wachache. Walichaguliwa watu saba, na majina yao yote ni ya Kiyunani.

Tulimrudia yule mzee na karatasi ya hesabu zetu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: katika hao wa orodha, nani atakuja kuiona barabara yetu ya Ileje wakati wa masika?

Hapo alitushika. Orodha hupangwa na wakubwa wa chama, na mtu humwogopa aliyemweka. Hata viti maalum vina ugonjwa huo. Kwa hiyo hatutaki majimbo yafutwe. Tungependa kila jimbo libaki na mbunge wake, na juu yake viongezwe viti vya kusawazisha, kama Lesotho. Majina ya orodha yapigiwe kura na wanachama mkoani, yabandikwe hadharani miezi kadhaa kabla, ili watu wa Songwe wajue nani ni wao.

Mzee alisema hilo atalifikiri. Kadi yake ya kupigia kura bado anayo, ameifunga ndani ya kitambaa pamoja na cheti chake cha ubatizo.