Majuto ni Mjukuu

Wahenga walituambia kwamba majuto ni mjukuu, kwa maana kwamba huja nyuma, mambo yakiwa yamekwisha kutendeka. Methali hii niliitumia darasani mara nyingi sana tangu nilipoanza kufundisha mwaka 1972 hadi nilipostaafu 2009. Sikufikiri hata siku moja kwamba itanijia mwenyewe hapa uani kwangu Kilosa, tena ikiwa imepanda pikipiki.

Mjukuu wangu ni dereva wa bodaboda. Kijiwe chake kiko Mikumi, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia. Anaendesha pikipiki ya cc 125, na aliipata kwa utaratibu ambao vijana wenyewe huuita mkataba: kila siku humpelekea mwenye pikipiki hesabu yake, na baada ya miezi waliyokubaliana, kama hakukosa, pikipiki inakuwa mali yake. Jumamosi jioni, kazi ikiisha, hupita njia ya Ulaya na kuja Kilosa kutusalimu mimi na bibi yake.

Jumamosi moja ya Juni 2023 alifika na ombi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umekuja kumwona mkeo au umekuja kuniona mimi?"

Alicheka, kisha akaeleza shida yake. Alitaka nimsaidie shilingi 90,000. Kulikuwa na ekzosi fupi, ya kung'aa, aliyoiona kwa fundi mmoja, pamoja na chujio la hewa lenye umbo la pia, la kufungwa moja kwa moja kwenye kabureta baada ya kuondoa lile boksi la kiwandani. "Babu," alisema, "hii pikipiki imezibwa pua tangu kiwandani. Nataka ipumue."

Neno hilo lilinifurahisha. Mimi ni mwalimu niliyetoka chuo cha ualimu miaka michache tu baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967. Kizazi chetu kilifundishwa, nacho kikafundisha, kwamba mtu asikubali kukiacha kitu kama alivyokikuta kama ana uwezo wa kukifanya kiwe bora. Leo kijana wangu mwenyewe anazungumza juu ya kuboresha, nami nimnyime? Nikafungua sanduku, nikampa fedha za pensheni.

Ndugu msomaji, kosa langu halikuwa kutoa fedha. Kosa langu lilikuwa kutouliza swali. Nililisikia neno "kuboresha" nikaridhika nalo, kama mwalimu anayeona mkono umenyooshwa akaandika alama ya vema kabla ya kusikia jibu.

Maana hoja ya kijana haikuwa uongo mtupu. Injini kweli hupumua. Chukua hiyo ya cc 125, yaani silinda yenye ujazo wa moja ya nane ya lita. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta pumzi mara 3,000, kwa kuwa injini ya mapigo manne huvuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Zidisha, utapata lita 375 za hewa kila dakika, tukichukulia kwamba silinda hujaa sawasawa kila mara. Hewa yote hiyo lazima ipite katika chujio ikiingia, na katika bomba la moshi ikitoka. Ukipunguza kizuizi, hewa hupita kwa urahisi zaidi. Waendeshaji wa mashindano wamefanya hivyo miaka mingi, na wanapata faida.

Lakini hewa peke yake si nguvu. Petroli huungua vizuri ikikutana na hewa kwa kipimo: kwa uzani, sehemu moja ya petroli kwa sehemu 14 na ushei za hewa. Kabureta ya kiwandani imetobolewa jeti zake kwa kuzingatia chujio lile na bomba lile. Ukiruhusu hewa zaidi usiongeze petroli, mchanganyiko unakuwa mwembamba, injini inapata joto kupita kiasi, nayo huanza kupiga baruti katika bomba kila dereva anapoachia mafuta. Kwa hiyo mtu wa mashindano habadilishi bomba akaishia hapo. Hubadilisha na jeti, na mara nyingi na sehemu nyingine za ndani, mpaka vyote vipatane. Zaidi ya hapo, nguvu anayoitafuta ni ya mwendo wa juu. Bodaboda mwenye abiria wawili na gunia la mahindi anahitaji nguvu ya kuondoka na ya kupanda mlima polepole. Watengenezaji wa pikipiki ndogo walilijua hilo. Walichokiita vijana pua iliyozibwa kilikuwa hesabu iliyopigwa na mtu mwingine, kwa ajili ya kazi hasa anayoifanya mjukuu wangu.

Na lile boksi la chujio? Kazi yake si kuzuia hewa, ni kuzuia vumbi. Anayezijua njia zetu za vijijini wakati wa kiangazi hahitaji maelezo zaidi. Fundi aliyefunga vifaa vile hakugusa jeti, na lile chujio jipya lilikaa wazi ubavuni mwa injini, likinywa vumbi la kila lori lililotangulia.

Jumamosi iliyofuata nilimsikia mjukuu wangu akiwa bado ng'ambo ya reli. Ndani ya bomba la kiwandani mna vyumba na vitobo ambamo mshindo wa kila mlipuko hugongana na kuta mpaka unafifia. Hilo jipya lilikuwa kama kipande cha mwanzi tu. Alizima injini mbele ya mlango, akashuka akitabasamu. "Umeisikia, babu? Sasa ina nguvu." Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu pia.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu mwenzangu, aliyekuwa amelala kitandani mwaka wa pili kwa kiharusi. Baada ya majuma kama matatu, mkewe alikuja asubuhi kuomba chumvi. Alipokwisha kupewa chumvi hakuondoka. Alisimama kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, yule mtoto akija usiku, mwombe azimie kule barabarani asukume hadi hapa. Mgonjwa akishtuka hutetemeka mpaka alfajiri."

Nilimwambia nitamwonya. Sikumwambia kwamba mlio ule niliununua mimi.

Nilimwonya kijana, naye kwa siku mbili tatu akakumbuka, kisha akasahau, kama vijana wanavyosahau. Mwenzangu alifariki mwezi wa Septemba. Sisemi kwamba pikipiki ndiyo iliyomwua, kwa maana ugonjwa wake ulikuwa mkubwa na siku zake zilikuwa zimetimia. Nasema tu kwamba usiku aliobakiziwa ulikuwa wa kuhesabika, nami nilichangia kumharibia baadhi yake. Mjane wake hadi leo hajui, isipokuwa kama atausoma ukurasa huu.

Mwezi wa Novemba pikipiki ilianza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili. Fundi mwingine aliifungua hapa Kilosa, nikiwa nimekaa juu ya kigoda natazama. Plagi ilikuwa nyeupe kama iliyopakwa chokaa, dalili ya mchanganyiko mwembamba. Ringi zilikuwa zimelika, na ukuta wa silinda ulikuwa na michirizi unayoweza kuihisi kwa ukucha. "Hili ni vumbi, mwalimu," fundi alisema. Ikabidi kuchonga silinda na kununua pistoni mpya, na mkataba ulikuwa bado na miezi minne. Wakati wote ule kijana alikuwa akikikata na kukifunga upya kitu ambacho bado kilikuwa cha mtu mwingine. Mwenye pikipiki alikuwa na haki ya kukasirika, naye aliitumia haki yake ipasavyo.

Jioni hiyo nilimweka kijana chini, nikaanza somo. Nilimwambia kwamba mwenye kelele hana neno. Nilimwambia juu ya masikio yake mwenyewe: kwamba wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kwamba vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa haviotI tena. Nilimwambia juu ya marehemu. Alinisikiliza akiwa ameinama. Nilipomaliza aliinua uso, akasema maneno ambayo sijaweza kuyaondoa moyoni.

"Babu, wewe ulikuwa na kipande cha reli."

Hapa lazima nieleze. Katika shule niliyoiongoza miaka mingi hatukuwa na kengele ya kiwandani. Huu ni mji wa reli, na kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Nilikuwa nikikigonga kwa nondo, na mlio wake ulifika mtoni Mkondoa na ng'ambo. "Ulipokigonga," kijana aliendelea, "mji mzima ulijua mwalimu mkuu yupo. Mimi nina nini? Pale kijiweni tuko wengi, pikipiki zetu zinafanana, majaketi yetu yanafanana. Mabasi na malori yanapita usiku na mchana hayatuoni. Nikiwasha, watu wanageuka."

Msomaji mwenzangu, nilikuwa nimejiandaa kujibu hoja ya nguvu, na jibu langu la hesabu lilikuwa tayari. Kumbe nguvu haikuwa hoja. Kijana alikuwa hatafuti nguvu ya farasi nusu. Alikuwa anatafuta kusikika.

Nilikaa na neno lake kwa siku nyingi. Mwanzoni nilijitetea: kengele yangu iliita watoto kwa faida yao, kisha ikanyamaza. Haikulia usiku. Bado naamini utetezi huo ni wa kweli, na ndani yake mna jibu la swali la insha hii. Sauti kubwa si dhambi yenyewe. Yafaa tuulize sauti hiyo ni kwa ajili ya nani, na nani anailipia. Mtu akiboresha kitu, na faida ikawa yake huku gharama ikienda kwa mgonjwa wa jirani, kwa mwenye mali, na kwa mtoto anayelala, hajaboresha. Amehamisha tu. Ametoa kitu katika nyumba za wengine akakiweka katika yake, bila kubisha hodi.

Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imekatwa katikati na barabara kuu hiyohiyo anayotegea abiria mjukuu wangu. Humo ndani magari huwekewa mwendo mdogo zaidi, hata kama injini inaweza kukimbia mara mbili yake. Twiga hana barua ya kulalamika wala mlango wa kugonga, na kwa sababu hiyo hasa dereva hutakiwa amhesabu. Nadhani uungwana wote uko hapo, katika kumhesabu yule asiyekuwapo wakati uamuzi unafanyika. Mimi nilipofungua sanduku tulikuwa wawili tu tuliozungumza. Jirani yangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, na hakuna aliyemtaja.

Lakini utetezi wangu haukunisafisha. Kadiri nilivyofikiri, nilikumbuka miaka yangu ya kwanza ya ualimu mkuu, kabla sijajifunza kazi. Nilikuwa napiga kelele. Nilipita barazani nikiunguruma, fimbo mkononi, na madarasa yote yakanyamaza, nami nikauhesabu ukimya ule kuwa ni elimu. Mwalimu mmoja wa zamani, mpole, darasa lake lilikuwa na minong'ono kila siku, nami nikamwona dhaifu. Matokeo ya mtihani yalipokuja, watoto wake ndio walioweza. Mimi pia nilikuwa nimetoa vyumba katika bomba langu, nikadhani mlio ni nguvu. Tofauti ni kwamba hakuna fundi aliyenifungua akanionyesha michirizi, na waliopata hasara ni watoto wa watu.

Kwa hiyo sikumalizia somo nililolianza. Nilimlipia nusu ya gharama za matengenezo, kwa kuwa nusu ya kosa ilikuwa yangu. Ekzosi ya zamani alikuwa ameiuza, tukatafuta nyingine iliyotumika, pamoja na boksi la chujio. Pikipiki ikarudi kuwa kama zilivyo pikipiki nyingine zote za Mikumi. Na tangu hapo akija Jumamosi siulizi tena kwanza habari za hesabu. Namwuliza amembeba nani wiki hii, na wapi, naye husimulia: mama mjamzito aliyefikishwa kituo cha afya kabla ya mvua, mzee aliyesahau fimbo yake. Kuna wiki husimulia hadi chakula kinapoa. Sidai kwamba hilo limemtosha. Kijana wa miaka 23 hashibi kwa kusikilizwa na babu peke yake, na sisi wazee tunaolalamikia kelele zao tungejiuliza ni lini tuliwaita wakatueleza jambo.

Siku hizi simsikii akija. Nimekaa barazani jioni, redio iko chini, na ghafla nasikia "Hodi, babu" mlangoni. Bado hushtuka kidogo. Huinuka mwenyewe, kwa magoti yangu haya, nikaenda kumfungulia.