Zawadi Inayomuumiza Jirani

Mwaka 2016, Tume ya Ulaya iliiamuru Ireland iidai Apple hadi yuro bilioni 13, kodi ambayo kampuni hiyo ilikuwa imepunguziwa kinyume cha sheria. Ireland ikakimbia mahakamani kupinga. Serikali inapigana isilipwe! Nilicheka sana. Septemba 2024, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba Tume ilikuwa sahihi.

Lakini swali lilibaki: nikimsamehe mtu deni langu mwenyewe, jirani anawashwa na nini?

Umoja wa Ulaya una jibu. Serikali ikiibeba kampuni moja, inazikandamiza zile zinazoshindana nayo, hata zikiwa nchi nyingine. Kwa hivyo nchi mwanachama, kabla ya kutoa ruzuku kubwa, sharti kwanza iombe ruhusa ya Tume.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda. Basari ya kwetu ilimwendea kijana ambaye babake ana magari matatu. Nilipolalamika, niliambiwa, "Kwani umeibiwa?" Nikanyamaza. Kweli, hakuna aliyetia mkono mfukoni mwangu. Ila tulikuwa tumepiga foleni moja.

Sasa niseme ukweli: je, wangenipendelea mimi, ningeuliza maswali? Wapi! Ningechukua na kushukuru Mungu. Ndiyo maana naona mwamuzi hafai kuwa anayetoa, wala anayepokea. Awe mtu ambaye hata yule aliyekosa anaweza kumfikia.