Bei Si Thamani

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huu una hekima yake, lakini umejengwa juu ya dhana moja: kwamba uzuri umo ndani ya kitu, na kazi ya soko ni kuutambua tu. Je, ndivyo ilivyo? Natumia mfano wa mbali kidogo kulipima swali hili, yaani magari ya zamani ya Marekani, yale ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli kwa sababu ya nguvu za injini zake.

Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua injini ya gari kubwa ikaiweka katika gari la ukubwa wa kati. Mnunuzi aliyetaka nguvu hizo, zilizopewa jina la GTO, aliongeza chini ya dola 300 tu juu ya bei ya kawaida. Vijana walilipenda, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 bima ya magari hayo ilipanda, sheria za kulinda hewa zikakazwa, na mwaka 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao kwenda Marekani. Gari lililokunywa mafuta mengi likageuka mzigo. Mengi yaliuzwa kwa bei ya kutupa, na mengine yakaishia kwenye vyuma chakavu.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1971 kampuni ya Plymouth ilitengeneza magari machache mno ya Hemi Cuda yenye paa la kukunjwa, hayakufika hata ishirini, kwa kuwa walioyataka walikuwa wachache. Mwaka 2014 moja kati ya hayo liliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni mioyo ya watu: waliokuwa vijana wakati ule walikuwa sasa wazee wenye fedha, nao waliutafuta ujana wao. Na uhaba uliopandisha bei hiyo ulitokana na kukataliwa kwake. Kizuri hiki hakikujiuza.

Basi bei ni habari kuhusu tamaa ya watu. Ndiyo maana haitulii. Bei za magari haya zilipaa katika miaka ya 2000, zikashuka pamoja na msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, kisha zikapanda tena. Leo kizazi kilichoyatamani kinapungua, na wengi katika kizazi kinachofuata wanatamani magari mengine, yakiwemo ya Kijapani ya miaka ya 1990. Tamaa hufa pamoja na mwenye kutamani.

Hata hivyo tusiwe wepesi kuilaumu bei. Ni bei kubwa iliyoyaokoa mengi ya magari haya yasiyeyushwe, na iliyowapa kazi mafundi wenye ujuzi ambao ungepotea. Bei ni mtumishi mwema. Tatizo huanza pale mtumishi anapoketi katika kiti cha bwana.

Mwaka 1974 mtu mmoja wa New Jersey alinunua, kwa dola 6,000 hivi, gari la Mustang la mwaka 1968 ambalo Steve McQueen aliliendesha katika filamu ya Bullitt. Mke wake alikuwa mwalimu, naye alilitumia kwenda kazini. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia akitaka kulinunua, wao hawakuuza. Baadaye gari liliharibika likawekwa ndani kwa miaka mingi. Januari 2020 familia hiyo iliuza gari mnadani huko Kissimmee, Florida, likiwa na kutu na mikwaruzo yake, kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada.

Ni lini gari hilo lilikuwa na thamani zaidi? Soko litajibu: siku ya mnada. Lakini ukiuliza gari huundwa kwa ajili gani, jibu ni zile asubuhi lilipompeleka mwalimu kwa wanafunzi wake. Gari la mamilioni halipelekwi tena shuleni, kwa sababu kila maili ni hasara. Mwenye gari amekuwa mlinzi wake.

Bwana Yesu alipotuonya juu ya hazina za duniani alitaja nondo, kutu na wezi. Wakusanyaji wa magari wamejitahidi kuvishinda vyote: wana mabanda ya hewa kavu, wana walinzi, wana bima. Na bado onyo linasimama, kwa sababu halikuishia kwenye kutu. Liliishia kwenye moyo, kwamba moyo huifuata hazina ilipo. Kutu ukiizuia isiingie kwenye chuma, moyo wako umeufungia wapi?

Kule Bethania, Yuda alijua bei ya marhamu ya Mariamu: dinari mia tatu. Hesabu yake haikuwa na kosa. Mariamu alijua kitu kingine, yaani marhamu ile ilikuwa kwa ajili ya nani.

Swali hili halihusu matajiri wa Marekani peke yao. Sisi nasi tumezoea kuwapima watu kwa jinsi wanavyohitajiwa. Mwenye cheo hupewa kiti cha mbele kanisani. Mzee aliyestaafu, mgonjwa asiyeweza kufanya kazi, kijana aliyekosa ajira, hao bei yao imeshuka, nasi bila kusema neno tunawaweka kando kama magari ya mwaka 1974. Hata tukiwakumbuka baadaye, tunasubiri kwanza wengine waanze kuwataka.

Imani yetu inakiri kinyume cha hayo. Mungu hakungoja tuwe adimu wala tutamaniwe na mtu ndipo atupende. Kristo alitufia tungali wenye dhambi, wakati ambapo hapakuwa na faida yoyote ya kutuhifadhi. Thamani iliyowekwa na upendo wa namna hiyo haipandi mnadani wala haishuki mtu anapozeeka. Anayeamini hivyo na amtafute Jumapili hii yule ambaye hakuna anayemwulizia, aketi karibu naye.